Kibaha mpaka Mikocheni kila siku na mtoto bado ananyonya: mnawezaje?

Mama wa Mkuza

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Mwezi uliopita nimeanza kazi ya uhasibu kwenye kampuni ndogo inayosambaza vifaa vya umeme. Ofisi iko Mikocheni, nyuma ya barabara kubwa. Kazi hii nimeitafuta kwa muda mrefu na mshahara wake unaeleweka, kwa hiyo naomba sana nisiambiwe niache. Naishi Kibaha, huku Mkuza, kwenye nyumba yetu wenyewe tuliyohamia madirisha yakiwa bado hayana vioo. Mume wangu ni mwalimu, shule yake iko huku huku. Mtoto wetu wa pili ana miezi 9.

Siku yangu inakwenda hivi. Saa 9 na nusu usiku nimeamka, nakamua maziwa, naandaa vya mkubwa vya shule. Saa 10 na nusu bodaboda yupo getini, ananipeleka Maili Moja. Nikifika watu wameshajaa. Gari halijasimama vizuri tayari wameng'ang'ania mlangoni, na wengine wamepitisha mikoba dirishani kuwekea siti. Mimi nilijifungua kwa upasuaji, kugombania siwezi, kwa hiyo nasubiri gari la pili au la tatu na nasimama mpaka Mbezi Mwisho. Pale naunganisha la Makumbusho. Saa 1 na nusu hivi niko ofisini. Nikichelewa kutoka nyumbani hata dakika 20 tu, foleni inanikamata na saa 2 inanikuta njiani.

Asubuhi nitaizoea. Jioni ndiyo inayonimaliza. Natoka saa 11 kamili, nafika nyumbani saa 2 na nusu usiku, na mvua ikinyesha nimewahi kufika saa 4. Kufika Mwenge peke yake ni safari, na huu ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Maziwa yamejaa, yanauma, blauzi imelowa, nimesimama katikati ya watu nimeukumbatia mkoba kifuani ili nisisukumwe hapo. Nikiingia ndani mtoto keshalala. Nampakata ananyonya akiwa usingizini, huku mimi nahesabu saa zilizobaki kabla ya kuamka tena.

Tumefikiria nipange chumba mjini niwe narudi Ijumaa. Nimeonyeshwa kimoja Mwananyamala, 120,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi 6, na dalali anataka ya mwezi mmoja yake. Hiyo ni 840,000 kabla sijanunua hata ndoo. Nauli zangu pamoja na bodaboda ni kama 6,000 kwa siku, yaani 132,000 kwa siku 22 za kazi. Kwa karatasi hesabu inakaribiana, lakini mtoto nitamwacha na nani siku tano?

Wenzangu mnaotoka mbali, Mlandizi, Chanika, Kigamboni ya ndani huko, Bagamoyo, mnafanyaje? Sio mwezi mmoja, naongelea miaka. Naombeni mnielekeze.

---

Bi Mlandizi

Mdogo wangu, pole sana na hongera kwa kazi. Mimi nina duka la vitambaa Mwenge na nyumbani ni Mlandizi, yaani nakupita hapo Mkuza kila asubuhi. Nimeanza safari hizi barabara ya Kimara kwenda Kibaha ikiwa nyembamba, kabla hawajaipanua ile njia nane, kwa hiyo nikikwambia inawezekana ujue nasema ninachokijua.

La kwanza, geuza na gari. Jioni usiende kupandia Makumbusho kituo kikuu ukapigane. Kutoka Mikocheni tembea mpaka Sayansi, simama upande wa magari yanayoingia Makumbusho, panda lile lililoandikwa Mbezi, mwambie konda unageuza nalo. Atakudai nauli ya ziada, mpe. Unaingia stendi umeshakaa, wengine wanapanda wanakukuta. Chagua siti ya dirishani upande wa dereva, mbali na mlango, hapo hakuna anayekuegemea kifua. Kwa mama anayenyonyesha hiyo hela ya ziada siyo anasa.

La pili, uliza gari linapita wapi. Yapo yanayopita Ubungo na yapo yanayokata Makongo mpaka Goba halafu yanatokea Mbezi. Ya Goba yana milima na kona, ukiwa na kichefuchefu utateseka, ila siku Ubungo imefunga utawapita wenzako wote.

La tatu, jenga ujamaa na makonda. Panda gari lile lile kila asubuhi, salimia, toa nauli kamili bila kusubiri kudaiwa chenji. Wa kwangu akiniona nimekaribia anaweka mguu kwenye siti mpaka nifike. Hakuna rushwa hapo, ni kujuana tu.

Na jambo ambalo ningeanza nalo: kuna jirani yetu ana gari dogo la Noah, anafanya kazi Mwenge. Tuko abiria wanne wa kudumu, kila mmoja anachangia mafuta 4,000 kwa safari ya asubuhi. Anatoka Mlandizi saa 10 na nusu. Jioni yeye anachelewa, hatutegemei kurudi naye. Mmoja wetu anahamishiwa Dodoma mwisho wa mwezi. Nitumie ujumbe pembeni, namba usiiweke hapa.

---

Muuguzi wa Chanika

Dada, nimeisoma hiyo ya blauzi kulowa nikasimama. Nimepita hapo hapo. Nilikuwa natoka Chanika, Gongo la Mboto, Buguruni, mpaka kazini mjini, na mwanangu alikuwa mdogo kuliko wako.

Kwanza matiti. Kuanzia saa 11 asubuhi mpaka saa 2 usiku bila kukamua ni hatari, hapana. Titi likijaa mpaka likawa gumu, linaanza kuuma sehemu moja, kisha homa. Ukiona homa na wekundu usisubiri wikiendi, nenda kituo cha afya. Ili usifike huko, kamua ofisini saa 4, saa 7, na tena dakika 15 kabla ya kutoka. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayookoa safari yako ya jioni. Omba chumba chenye mlango unaofungwa, hata stoo, lakini chooni usikamulie. Maziwa yakikaa nje kwenye joto la kawaida yanavumilia muda wa saa 4 tu, na kwa joto letu la Dar mimi sifiki huko. Kwenye friji, siku 4. Kwenye mfuko wa kutunza baridi wenye barafu yanakaa mpaka saa 24, kwa hiyo unayarudisha Kibaha salama na dada wa kazi anampa mtoto kesho yake. Andika tarehe kwenye kila kichupa.

Pili maji. Najua kwa nini akina mama wa daladala hatunywi maji, tunaogopa choo njiani. Wewe unanyonyesha, kunywa. Pale stendi ya Magufuli Mbezi kuna vyoo, panga kushuka hapo iwe sehemu ya safari.

Tatu, na hapa nisikilize vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Wewe mtoto yuko Kibaha, huwezi kumkimbilia saa 6 mchana ukarudi. Basi omba muda huo uwekwe mwisho wa siku. Ukitoka Mikocheni saa 9 na nusu badala ya saa 11, hujapata saa moja na nusu tu, unaipita foleni kabla haijafunga.

Kwa kuwa bado mgeni kazini, usiingie kwa bosi umeishika sheria mkononi. Ingia na ombi lililopangwa: unaanza saa ngapi, unamaliza nini kabla ya kutoka, mtoto anafikisha mwaka lini. Liandike karatasi moja. Wakubwa wengi wanakataa jambo ambalo hawalioni mwisho wake.

---

Kaka wa Visiga

Dada, kuhusu chumba, naomba nikupe hesabu ya mtu aliyeishi hivyo. Nilipanga Manzese nikiwa na kazi Kariakoo, familia Visiga. Kodi uliyoitaja ni mwanzo tu. Ongeza umeme wa Luku wa pili, maji, mtungi wa gesi wa pili, godoro, neti, chakula cha kununua kwa sababu ukirudi jioni peke yako hupiki, na nauli ya wikiendi ambayo mara nyingi inageuka kubeba vitu huku na huku. Ilinigharimu zaidi ya nauli ya kila siku, na nilikuwa mwanaume nisiyenyonyesha. Mtoto akiumwa Jumanne usiku, utapanda bodaboda mpaka Kibaha saa 7 usiku. Mimi nimelifanya hilo kwenye barabara ya malori, sitaki ulifanye.

Ila kama mumeo angeweza kuhama na nyote mkahama, hiyo ni habari nyingine. Uhamisho wa mwalimu una taratibu zake na huchukua muda, mwanze kuulizia sasa, nyumba ya Kibaha mnaweza kuipangisha.

---

Mtu wa Moro

Nichangie kidogo kwa sababu kila mtu siku hizi anaambiwa "panda SGR", ile treni ya umeme. Mimi nakaa Morogoro na ofisi yangu iko Dar. Daraja la kawaida ni 13,000 kwenda, 13,000 kurudi. Zidisha kwa siku 22, unapata 572,000. Safari yenyewe ni nzuri kabisa, nafanyia kazi kwenye kompyuta njia nzima, lakini mimi nakwenda mara 2 kwa wiki kwa makubaliano na mwajiri. Kila siku isingewezekana. Kwa hiyo naungana na muuguzi: zungumza na ofisi kuhusu saa na siku. Hesabu za mwisho wa mwezi si lazima zote zifanyikie mezani Mikocheni.

---

Mama wa Mkuza

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili na mume wangu. Mungu awabariki.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja kama muuguzi alivyonielekeza, nikampelekea msimamizi wangu, ni mama wa makamo. Aliniuliza maswali mawili tu: ankara za jioni nani atazipokea, na mtoto anatimiza mwaka lini. Nilikuwa na majibu ya yote. Tumekubaliana niingie saa 1 na nusu, kwa kuwa hata hivyo niko pale saa hizo, chakula cha mchana nile dakika 30, nitoke saa 9 na nusu, mpaka mtoto afikishe mwaka. Baada ya hapo tutakaa tena. Kufanyia kazi nyumbani amekataa kwa sasa, kasema mpaka nimalize kipindi cha matazamio.

Jana ilikuwa mara ya kwanza. Nilikamua, nikatembea mpaka Sayansi, nikageuza na gari. Konda alitaka nauli mbili nikampa. Goba kulikuwa kweupe. Saa 12 na robo nilikuwa Mkuza, mtoto macho, kajipaka uji mpaka masikioni, akanyonya huku ananivuta hereni.

Chumba cha Mwananyamala nimemwambia dalali akipe mtu mwingine. Kaka wa Visiga, suala la uhamisho mume wangu ameanza kuliulizia halmashauri.

Bi Mlandizi, nimekutumia ujumbe. Ile siti ya Noah naihitaji kuanzia mwezi ujao, nitakuwa nimesimama barabarani upande wa kwenda Dar saa 11 kasorobo. Muuguzi, kuna maduka mawili Kariakoo nimeona wanauza mifuko ya kutunza baridi, moja wanasema 25,000, lingine 60,000, kwa macho inafanana. Tofauti naiangalia wapi?