Pedi za joto kwenye siti za Corolla: umeme niuchukue wapi?

MzaliwaTanga
Wakuu habarini. Niko Winnipeg, Kanada, naendesha Corolla ya 2009. Baridi ikishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, siti inakuwa ngumu kama ubao, na mama mkwe ninayempeleka kliniki anasumbuliwa na kiuno. Nimenunua pedi za kaboni za siti mbili, zinazolala chini ya kava, ya kukalia na ya mgongoni. Jamaa ananiambia niunge kwenye waya wa tundu la sigara, kazi imeisha. Waya ule utahimili?

FundiKombo
Mkuu, hapo usiunge kabisa. Seti nyingi za aina hiyo zinakula wati 45 hadi 60 kwa siti. Yako angalia lebo. Gawanya kwa volti 12: ampea 4 hadi 5, siti mbili karibu 10. Tundu la sigara mara nyingi lina fyuzi ya 10 au 15, na hapo hapo unachajia simu. Fyuzi itakatika, atatokea mtu akushauri uweke ya 30. Magari yanaungua kwa ushauri huo! Fyuzi ipo kuulinda waya; ukiweka kubwa, waya mwembamba unayeyuka chini ya zulia nayo bado nzima.

Vuta waya mpya kutoka chanya ya betri, wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya 15 iwe jirani kabisa na betri. Ingilia ndani kwenye ule mpira zinakopita nyaya za kiwandani, maana kingo za bati zinakata waya. Halafu funga rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo: mguu wenye namba 30 upokee moto wa betri, 87 upeleke kwenye swichi za pedi, 86 uchukue waya unaopata umeme ukiwasha funguo tu, 85 uende kwenye bodi ya gari. Kwenye bodi kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Ukizima gari, pedi zinazima nazo, na asubuhi betri unaikuta hai.

MzaliwaTanga
Nimechungulia chini ya siti, kuna plagi ya njano. Nayo naichomoa?

FundiKombo
Hiyo ni ya airbegi, mfuko wa hewa wa ajali. Kwanza toa hasi ya betri, subiri zaidi ya sekunde 90, ndipo uiguse. Usiwashe funguo ikiwa imechomoka, taa ya airbegi itawaka na itabaki hivyo. Siti ya abiria ikiwa na kihisi cha uzito ndani ya mto, pedi isilale juu yake.

BintiMvita
Mimi ni nesi. Kaka, mama ana kisukari? Miguu au mapaja yakishakufa ganzi, mtu anaungua ngozi polepole bila kuhisi. Weka joto la chini, likishapanda zima.

MzaliwaTanga
Anacho dada, miaka mingi. Basi swichi yake naifunga upande wangu. Shukrani nyote, Jumamosi nanunua waya na rilei.