Mama aling'olewa magego matatu, kumbe tatizo lilikuwa mshipa wa fahamu

Binti wa Marangu:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, alianza kuumwa shavu la kulia miaka minne iliyopita, na kwa kuwa maumivu yalianzia kwenye ufizi, kila tulipokwenda tulielekezwa kwa daktari wa meno, hata akang'olewa magego matatu kwa nyakati tofauti bila kupata nafuu. Maumivu humpiga kama shoti ya umeme, hukaa sekunde chache, hukoma, kisha hurudi anapotafuna au upepo wa asubuhi unapomgusa. Siku hizi hunawa upande mmoja tu wa uso, na mtori hunywa ukiwa vuguvugu, kwa kijiko cha chai, akiupitishia kushoto. Mwezi uliopita ndipo daktari mmoja alipotuambia kuwa ni mshipa wa fahamu wa uso, akamwandikia kabamazepini. Mama ameikataa kwa sababu jirani amemwambia kuwa hiyo ni dawa ya kifafa. Kwa nini imechukua miaka minne, na je, dawa hiyo inamfaa?

Tabibu Mstaafu, Arusha:
Pole sana, mwanangu. Nami, nikiwa kazini, niliwahi kumpeleka kwa daktari wa meno mgonjwa wa namna hii, kwa hiyo siwezi kuwalaumu sana wenzangu. Mshipa huo una matawi matatu kila upande wa uso: la paji na jicho, la shavu na meno ya juu, na la taya na meno ya chini. Kwa kuwa meno na shavu vinatumia mshipa mmoja, mgonjwa hugusa jino kwa kidole na kusema "ni hili hapa", wala hadanganyi. Lakini jino bovu kwa kawaida hupwita kwa saa nyingi, ilhali maumivu haya huja ghafla, hayazidi dakika mbili kwa kila pigo, na huamshwa na mguso mwepesi tu. Tofauti hiyo hupatikana kwa kumhoji mgonjwa bila haraka, na foleni ya asubuhi haitoi nafasi hiyo.

Jirani hakukosea, ila alisema nusu. Kabamazepini hutuliza neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazorusha ishara ovyo, ziwe za kifafa au za uso, na imetumika kwa maumivu haya tangu miaka ya 1960. Huanzwa kwa dozi ndogo, ikapandishwa taratibu. Kizunguzungu na usingizi ni kawaida mwanzoni, lakini upele ukitokea arudi hospitali siku hiyo hiyo. Asiiache ghafla bila kumwuliza daktari.

Mama Neema, Moshi:
Dada, mwulizeni daktari pia kuhusu kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya sumaku, kwa kuwa mara nyingi mshipa wa damu ndio unaoigandamiza neva karibu na ubongo, na mara chache huwa ni uvimbe. Mume wangu alisaidiwa na daftari: tulikuwa tukiandika upande unaouma, muda, na alichokuwa akifanya, kwa mfano "kulia, sekunde kumi, akipiga mswaki". Daktari alisoma kurasa mbili tu, akaacha kuuliza habari za meno.

Binti wa Marangu:
Ahsanteni sana. Nimemsomea mama majibu yenu yote. Ameuliza kama kidonge humezwa kabla ya chakula au baada ya chakula, nami nimelichukua swali hilo kuwa ni kukubali.