Dira inasema kaskazini, simu inasema magharibi, nani mkweli?

TangaBovu: Wakuu naombeni msaada kabla hatujagombana humu botini. Tuna kiboti cha injini ndogo, jamaa yangu ndo nahodha maana boti ni yake na kofia ni yake. Tukitoka dira inaonyesha kaskazini, ila simu inasema tunaenda magharibi, na juzi kuna muda ikasema tunarudi nyuma na huku povu linapita ubavuni kama kawaida!! Nahodha anasema simu imelewa.

Mzee wa Usukani: Hahaha wote wakweli. Dira inakwambia omo (pua ya boti) imeangalia wapi, simu inakwambia chombo kinaenda wapi, hayo ni mambo mawili tofauti. Mkondo wa maji ukija wa ubavuni mnatembea kama kaa. Na kama boti inakwenda noti 3 (yaani maili 3 za baharini kwa saa) halafu mkondo unakuja usoni kwa noti 4 basi mnarudi nyuma noti 1, karibu kilomita 2 kwa saa, povu mtaliona tu maana maji mnayakata kweli ila yenyewe nayo yana safari yake. Angalieni nchi kavu, chagueni vitu viwili vilivyopangana, mti mbele na mnara nyuma yake, ule mti ukianza kuhamia kulia jueni mnasogezwa kushoto.

Kasia2: Swali dogo, spika ya mziki mnaiweka wapi?

TangaBovu: Pembeni ya dira, ndo penye kivuli.

Kasia2: 😂😂 sumaku hiyo mkuu! Dira inaifuata spika sio kaskazini. Simu, kisu, kopo la chuma, vyote visogezwe mbali, afu muone sindano itavyohama. Digrii 1 tu ya kosa ukienda maili 60 za baharini ushatoka pembeni maili nzima, sasa nyie na besi hiyo…

pwapwa: Mwambieni nahodha asinune, Columbus mwaka 1492 alifika visiwa vya Karibiani akasema hii ni Asia, na wenyeji akawaita Wahindi. Bahati yake hakuwa na simu ya kumbishia.

TangaBovu: Nimemsomea yote. Spika kakubali ihame. La mkondo kakataa katakata, eti injini yake haiwezi kushindwa na maji.

Mzee wa Usukani: Sawa, msibishane nae. Mkiona mnarudi nyuma shusheni nanga, msubiri maji yageuke, hapo atawaambia injini imepona.