Kuvua kwa kayaki ghuba ya Chwaka na washkaji, twende siku gani?

Kijana_wa_Dar: Wakuu habari zenu. Tupo wanne tunavuka kuja Unguja, tuna kayaki za plastiki zile za kukaa juu, tunataka kushinda Chwaka tunavua humohumo ndani ya ghuba, nje ya mwamba hatutoki. Tumepanga Jumapili ya mwezi mpevu, tuingie majini saa 12 asubuhi. Wawili kati yetu kuogelea hawajui vizuri na hilo ndo linalonikosesha amani. Saa iko sawa? Na chambo gani?

Mwana_wa_diko: Sheikh hiyo siku ibadilisheni. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, huku bamvua maji yanajaa kama saa 10 alfajiri yanapwa mpaka saa 4 au 5 asubuhi, sasa nyie mkiingia saa 12 maji ndo yanakimbia kutoka yanawavuta kuelekea mlangoni mwa ghuba, na mkibaki ndani mtakwama juu ya mchanga na majani mpaka yarudi, jua linawachoma tu. Subirini maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo yanajaa saa 4 hivi asubuhi na hayapwi sana.

Mshipi_mrefu: Nakubali bamvua hapana, ila mafu yenyewe samaki wanakuwa wazito kula. Mimi ningesogeza siku mbili baada ya mafu, mkondo ukianza kupata nguvu, maji yanajaa kama saa 6 mchana. Ingieni saa 3 yakiwa yanapanda, fuateni ukingo wa mikoko, changu wanaingia na maji.

Mwana_wa_diko: Kwa wanaojua maji sawa. Kwa hao wawili nasema mafu, samaki wachache si neno. Na laifu jaketi wavae, wasizifunge kwenye kayaki. Tena msiingie kimyakimya, ghuba imo kwenye hifadhi ya Mnemba na Chwaka, muoneni bwana diko, msimamizi wa pale boti zinaposhusha samaki, kwanza awaambie pa kuvua na kibali mnachotakiwa kuwa nacho.

Bi_Mwani: Kaka zangu naomba muangalie mashamba yetu. Maji yakijaa kamba za mwani hamzioni, mtu anatupa nanga inanasa anavuta kwa nguvu, kazi ya mama wa watu ya wiki nzima imeondoka. Ikinasa shuka uifungue kwa mkono, maji yenyewe kifuani. Vaeni viatu kuna shokomzoba, wale wadudu wa miba wa baharini, na mburuze miguu samaki taa asikie aondoke, akikuchoma loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kisha hospitali.

Kijana_wa_Dar: Ahsanteni sana, dada yangu nimekuelewa. Tumehamisha mpaka maji mafu, jaketi zipo nne. Upepo je? Na chambo bado hamjaniambia.

Mshipi_mrefu: Upepo wa kusi ukikaza mchana unasukuma kuja ufukweni Chwaka, kurudi rahisi, ila anzieni hapo Chwaka, msianzie upande wa Michamvi. Chambo kamba wabichi au ngisi, ndoana ndogo, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) nyepesi maana nzito inazama kwenye majani. Ukimpata samaki chafi mshike kwa kitambaa, miba yake ina sumu. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, mrudishe baharini, asifike jikoni hata kama mtu anakwambia anajua kumtengeneza.