Mayai ya kuchi, Lamu hadi Nyahururu, Julai hii: nifungeje?

BintiShela: Assalaam aleikum jamani. Nafuga kuku wa aina ya kuchi hapa Lamu. Nimepata mteja wa Nyahururu, anataka trei moja ya mayai ya kutotolesha, na Julai ndiyo hiyo, kwao watu wanalala na makoti. Ameniambia nitie chupa ya maji moto katikati ya boksi, mbegu isife kwa baridi. Safari ni boti hadi Mokowe, basi la Mombasa, basi la Nairobi, halafu matatu. Mnasemaje?

MzeeWaInkubeta: Waalaikum salaam, binti yangu. Hiyo chupa iache jikoni. Yai likiwa chini ya nyuzi 20 hivi, mbegu hulala. Ukilipasha moto inaamka na kuanza kujijenga. Maji yakipoa njiani, kiinitete kinakufa. Siku ya 7 mteja anamulika kwa tochi, anaona duara la damu, anakwambia umemuuzia mayai viza.

Yai linapenda kungoja kwenye nyuzi 13 hadi 18. Lisifike kuganda tu, na ndani ya boksi lenye maranda halitaganda kwa baridi ya Nyahururu. Mimi nahofia zaidi kwako. Chumba cha Lamu hata Julai kina nyuzi 26, 27, kwa hiyo mbegu inaanza kuchezacheza kabla hujafunga boksi. Okota mayai mara kadhaa kwa siku, uyaweke sakafuni kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi, ncha nyembamba chini. Friji usijaribu, ile ya nyumbani ina nyuzi 4. Na usikusanye zaidi ya siku 4, kwa sababu njia nayo ina siku zake, na yai likipita wiki moja nguvu yake inashuka.

Usiyaoshe. Lenye kinyesi, kula.

Omo_na_Tezi: Upepo wa kusi umechacha, dada. Boksi lisiwekwe omo, yaani mbele ya boti, kule ndiko linakopigwa na mawimbi. Kaa nyuma ulipakate.

KukuBiashara254: Kwani mteja hawezi kungoja Oktoba?

MzeeWaInkubeta: Inkubeta haijui Julai, kaka. Ikishika nyuzi 37.5 na chumba kisiwe na upepo, yatosha.

MamaVifaranga_Malindi: Mwenzangu, kila yai livishe gazeti, panga kwenye trei, funika kwa trei ya pili, funga kamba. Tia katika boksi kubwa, jaza maranda pande zote (mafundi wa milango hapo Lamu watakupa bure). Nailoni hapana, mayai yatatoa jasho. Kwenye basi lipa kiti ikibidi. Buti huweza kuwa na joto, na makanga akiona boksi anaona kigoda.

Mteja naye mwambie asiyatie kwenye mashine akiyapokea. Yai baridi likiingia kwenye joto lenye unyevu linalowa, na uchafu unapita kwenye vitundu vya ganda. Boksi lilale chumbani hadi kesho yake. Pia mtikisiko hulegeza kile kifuko cha hewa, kwa hiyo siku 2 au 3 za mwanzo ndani ya mashine asiyageuze.

BintiShela: Shukrani, mzee wangu, na wewe mama. Maji moto nimeyafuta. Tarehe za kutagwa niziandike juu ya mayai kwa kalamu gani?

MamaVifaranga_Malindi: Penseli. Ile kalamu nene ya wino inapenya ganda.