Softiwea ya bure ya kuchambua usingizi wa wavuvi wa usiku, nani kaitumia?

MwaloKibirizi
Wakuu habarini za mchana. Nipo Kigoma mjini, tuna kautafiti ka afya na wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, tumewavalisha Axivity AX3, kile kifaa kidogo cha kupima mjongeo, mkononi siku saba saba. Faili za .cwa zipo tayari, kila moja inacheza kwenye MB 250, na programu za kulipia bei zake hazishikiki kabisa. Jamaa mmoja akaniambia jaribu GGIR, programu ya kuchambua data za vifaa hivyo, ni bure, nikajaribu na faili chache ikakubali vizuri tu, ila majibu ndo yananichanganya. Mtu alikuwa ziwani usiku kucha, programu inasema kalala vipande vipande kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 9, halafu ule usingizi wake wa kweli wa mchana umewekwa kama mapumziko tu. Hawa ndugu zetu hawalali ya kutosha na pale mwaloni tunaliona kwa macho, sasa nikipeleka ripoti inayosema wanalala usiku kama watu wa ofisini nitakuwa nimewadhulumu. Naombeni msaada. Laptopu ni RAM 8, intaneti ya kubahatisha.

TakwimuTabora
Mkuu upo sehemu sahihi, usiiache GGIR. Hiyo ni pakeji ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, aliianzisha Vincent van Hees, ipo CRAN (ghala la pakeji za R) tangu 2013 na msimbo wake wote uko wazi, kwaiyo kila hesabu unaweza kuifungua ukaona imefanywaje. Hicho ndo kitakuokoa hapo.

Elewa kwanza kwamba haioni usingizi, inaona mkono. Inapima mkono umeelekea pembe gani, na kama hiyo pembe haijabadilika zaidi ya nyuzi 5 kwa dakika 5 au zaidi inahesabu huyo katulia. Sasa mvuvi wako kashusha nyavu, kawasha taa, kakaa anasubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga, mikono ipo magotini. Kwa kanuni hiyo katulia kweli! Halafu kuna hatua ya pili inaitwa HDCZA, ya mwaka 2018, inatafuta bonge moja refu la utulivu katika saa 24 inasema hiki ndo kipindi cha kulala bila kuuliza daftari la mtu. Kwa anayelala usiku inafanya kazi nzuri, kwa mtu wa karabai inaweza kushika bonge lisilo lake.

Dawa yake ni daftari la usingizi. Unaandaa CSV, safu ya kwanza namba ya mshiriki, halafu kila usiku muda wa kulala na muda wa kuamka, njia ya faili unaiweka kwenye kigezo cha loglocation. Hapo GGIR inafuata daftari badala ya kukisia. Na usiogope usingizi wa mchana: kwa kawaida inakata siku kutoka saa 6 mchana hadi saa 6 mchana inayofuata, ila mtu akiamka baada ya saa 6 mchana inamwekea alama ya daysleeper na dirisha linahamia saa 12 jioni hadi saa 12 jioni. Anayelala saa 2 asubuhi akaamka saa 5 bado yumo kwenye dirisha la kawaida, hana shida.

MwaloKibirizi
Daah asante sana kaka, sasa nimeanza kuelewa. Daftari tunalo, wasaidizi wetu waliandika kwa mkono kila asubuhi wakati mitumbwi inaingia. Ila imeandikwa "kalala saa 3, kaamka saa 8" basi.

DadaTakwimu
Mdogo wangu simama hapo hapo usiingize hivyo!! Programu inasoma saa za masaa 24. Saa 3 asubuhi ni 09:00:00, saa 8 mchana ni 14:00:00, ukiandika 3 na 8 umemlaza mtu ziwani alfajiri na data yote imeharibika na haitakuambia kitu, itakupa tu namba nzuri nzuri. Kaa na wasaidizi wako mpitie kila mstari mwandike asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndo mbadilishe. Pia weka kigezo cha saa za eneo, desiredtz="Africa/Dar_es_Salaam", maana ukiacha wazi inachukua saa za kompyuta inayoendesha kazi, na ukikopa seva yenye saa za UTC kila kitu kitasogea masaa matatu.

MtotoWaUjiji
Mimi sio mtu wa kompyuta ila baba na kaka zangu wote ni wavuvi naomba niulize, hizo siku saba mliwavalisha mwezi ukiwa wapi? Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, watu wanabaki nyumbani wanalala usiku kama wengine, giza likirudi ndo wanarudi ziwani. Mvuvi huyo huyo ana maisha mawili ndani ya mwezi mmoja. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15, kama kuna data za kipindi hicho usizichanganye na hizi.

TakwimuTabora
Huyu mdogo wetu kasema jambo kubwa kuliko yote hapa. Ongeza safu ya awamu ya mwezi kwenye jedwali lako na uchambue giza na mbalamwezi mbali mbali, wastani wa vyote viwili hautamwelezea mtu yeyote aliyepo Kibirizi. Vile vizingiti vya GGIR vya kutenganisha mjongeo mwepesi, wa kati na mkali pia, 40, 100 na 400 mg (elfu za g, kipimo cha mchapuko), ni vya kuanzia tu, na mtumbwi nao unayumba na kuutikisa mkono, kwaiyo dakika za mazoezi za ziwani zisome kwa uangalifu.

Kuhusu laptopu usijali. Ukishapakua pakeji haihitaji intaneti tena. GGIR inafanya kazi kwa hatua, na Part 1, ya kusoma faili ghafi, ndo inayochelewa, iachie usiku, kigezo cha chunksize (ukubwa wa kipande kinachosomwa kwa mara moja) kipunguze kama RAM inalalamika. Ikiisha usifute folda ya meta inakohifadhi matokeo ya hatua hizo, maana ukirekebisha daftari hurudii Part 1, unaanzia hatua za usingizi. Halafu fungua ile PDF ya visualisation_sleep, yenye picha za usingizi iliouona GGIR, uipitie mshiriki mmoja mmoja, na mwenye mashaka mpigie simu umuulize siku ile alikuwa wapi.