Kampasi imeingia mtaani, majirani wananung'unika. Tuanzie wapi?

Mwalimu_Barani: Asalaam aleikum wanajukwaa. Kampasi yetu ya chuo cha umma iko Malindi, pwani ya Kenya, upande wa Barani. Visima vya majirani vimeanza kutoa maji ya chumvi, kodi za vyumba zimepanda, zabuni ya chakula imekwenda kwa watu wa mbali. Wakubwa wanasema tuandae kombe la mpira na kupanda miti. Yatosha?

Fundi_Visima: Miti itamwagiliwa na maji gani, mwalimu? Mwamba wetu ni wa matumbawe, umejaa matundu, na maji matamu yanaelea juu ya yale ya bahari. Kwa hesabu ya wataalamu, usawa wa maji matamu ukishuka mita 1, chumvi yaweza kupanda mita 40 hivi kutoka chini. Pampu kubwa ikivuta kwa nguvu kisima kimoja, jirani ndiye huionja chumvi. Someni kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji mjue mmeruhusiwa kiasi gani kwa siku, fungeni mita, vuteni taratibu kwa saa nyingi. Pimeni chumvi kila wiki, kisima chenu na viwili vitatu vya majirani, vipimo vibandikwe getini. Halafu kingeni masika: paa la mita 500 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 5,000 kasoro kidogo.

Bi_Ununuzi: Kuhusu zabuni, asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na walemavu. Mama wa mahamri na mbaazi anaikosa kwa sababu ya makaratasi: usajili wa kikundi, PIN ya KRA (namba ya mlipa ushuru), cheti cha AGPO (mpango wa serikali wa hiyo asilimia 30), akaunti ya benki. Wekeni karani awasaidie kujaza. Zabuni moja yaweza kugawanywa mafungu. Kuivunja vipande ili kukwepa ushindani ni kosa. Na mlipe mapema! Kikundi chenye mtaji wa unga wa wiki moja hakiwezi kungoja miezi mitatu.

Mwalimu_Barani: Shukran. Na kodi za vyumba?

Mzee_wa_Mtaa: Kodi hamtaishusha bila kujenga hosteli. Baraza liitwe kupitia chifu, baada ya Alasiri, si Ijumaa mchana, na kina mama wapewe kikao chao. Aje ofisa mwenye uwezo wa kuamua, na nambari moja ya simu inayopokelewa hata usiku muziki wa wanafunzi ukizidi. Mpira baadaye.